"Nani amekuambia ninaomba miguu?"

Shangazi, shikamoo.

Nina jambo ambalo limeninyima usingizi kwa wiki tatu sasa. Mimi ni mama wa miaka 38. Pamoja na wenzangu saba wa kanisani tuna huduma ya kutembelea makao ya wazee kila Jumamosi saa nane mchana. Ni mwaka wa pili huu, na mvua inyeshe, jua liwake, hatujakosa.

Ratiba yetu haibadiliki. Wazee wanakusanywa ukumbini, tunaimba mapambio, mmoja wetu anahubiri kama dakika arobaini, kisha tunapita kiti kwa kiti tukiwawekea mikono na kuwaombea uponyaji. Tunabeba kipaza sauti na spika, kwa sababu wengi wao masikio yamechoka.

Yuko mzee mmoja tunayemwita Mwalimu, maana alifundisha hesabu miaka mingi. Aliletwa pale mwaka jana baada ya kiharusi kilichompooza upande wa kulia. Anatumia kiti cha magurudumu, na maneno yanamtoka moja moja, kama mtu anayechota maji kwa kijiko. Kila Jumamosi tumemwombea asimame atembee. Wiki tatu zilizopita zamu ilikuwa yangu. Nilipomaliza kuomba, mkono wangu ukiwa bado kichwani pake, aliukamata kwa mkono wake mzima, akautoa, akauweka kwenye mguu wa kiti. Kisha akasema: "Kila... Jumamosi... miguu. Nani... amekuambia... ninaomba... miguu?"

Shangazi, nilisema "Amina" nikasogea kwa mwingine.

Jumatatu yake mkuu wa kituo alituita. Alikuwa mpole lakini hakuzunguka: tusimwekee mtu mkono bila kumwuliza, tusiingie vyumbani bila kukaribishwa, na spika tuiache. Kiongozi wetu amekasirika. Anasema adui ameanza kuifunga milango ya injili, na kwamba tuhamie hospitalini ambako watu wana kiu ya maombi. Wengine wanamuunga mkono. Mimi nimebaki katikati.

Kuna mengine mawili. Bibi mmoja ambaye kumbukumbu zimempotea hurudia neno moja tu: "Nataka kwenda nyumbani." Mwenzetu alimjibu, "Bibi, nyumbani kwetu ni mbinguni," na bibi akalia mpaka muuguzi akaja kumchukua. Na mwezi uliopita bibi huyo huyo alinivulia pete yake, akanifumbatisha mkononi, akasema ni sadaka. Ninayo kwenye mkoba mpaka leo. Sijamwambia mtu.

Jumamosi ijayo zamu ni yangu tena. Niende? Na nikienda, niombe vipi?

Mwanao,
Niliyesema Amina

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama pale pale: ulisema "Amina", ukasogea. Umeliandika hilo bila kujipaka mafuta, kwa hiyo sitakuongezea fimbo. Tuzungumze.

Nianze na pete, maana hiyo haiwezi kungoja Jumamosi. Kesho asubuhi piga simu kwa mkuu wa kituo, mweleze ulivyoipata na lini, kisha uipeleke mkononi kwake mbele ya mtu wa pili, na uombe iandikwe kwenye kitabu. Usimrudishie bibi kimyakimya. Huenda hakumbuki kwamba aliitoa, na huenda watoto wake wameshaitafuta, na ukute muuguzi fulani anatazamwa kwa jicho baya kwa ajili ya kitu kilicho kwenye mkoba wako. Najua hukuwa na nia mbaya. Lakini mtu ambaye hajui leo ni siku gani hawezi kutoa sadaka ya dhahabu, na anayeipokea hawezi kusema amepokea sadaka. Wekeni sheria kwenye kundi lenu: hatupokei chochote, si hela, si pete. Na mkishafika hapo, ongezeni picha. Mzee aliyefumba macho anasali si pambo la simu ya mtu.

Sasa Mwalimu.

Nikuulize: Biblia yako iko karibu? Fungua Marko 10, pale mwishoni, habari ya Bartimayo. Kipofu anapiga kelele kando ya njia, watu wanamnyamazisha, Yesu anasimama na kumwita. Kila aliyekuwepo anajua shida ya mtu yule ni nini, hata mtoto angesema. Na bado Yesu anamwuliza, "Wataka nikufanyie nini?" Kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kuliruka swali hilo, alikuwa yeye. Ninyi mmekaa na Mwalimu mwaka mzima, Jumamosi hamsini hivi, na hamkuwahi kumwuliza.

Hebu tazama upande wake. Mtu anaombewa asimame, mbele ya ukumbi mzima, kwa spika. Maombi yanaisha, naye bado amekaa. Wiki inayofuata hivyo hivyo. Paulo aliuombea mwiba wake mara tatu, akajibiwa kwamba neema inatosha, akaacha. Mwalimu hakupewa nafasi ya kuacha. Mtu akirudishwa kwenye jambo lile lile mara hamsini, anaanza kujiuliza kama tatizo ni imani yake, au anaanza kuona kwamba hao wageni hawamwoni yeye, wanaiona miguu tu. Nadhani Mwalimu wako amefika kwenye hilo la pili. Na mshukuru Mungu kwamba amelisema. Wengi hunyamaza, wakafumba macho mkidhani wanasali.

Mimi nimekaa na wazee miaka mingi, na nikiwauliza wanaomba nini, majibu yao hayajawahi kufanana na ratiba yangu. Mmoja aliomba asiloweshe kitanda usiku, kwa sababu anamwonea huruma binti wa zamu. Mwingine aliomba afe kabla hajalisahau jina la mkewe. Kuna aliyeomba mwanawe waliyegombana apige simu, hata kama ni ya matusi. Mama mmoja hakutaka kuomba lolote, alitaka kushukuru tu, tena kwa mambo ya miaka sitini nyuma, jina kwa jina, na nilikaa saa nzima. Miguu? Nikikumbuka vizuri, niliisikia mara moja.

Kiongozi wenu atasema Yakobo ametuamuru tuwaombee wagonjwa. Ni kweli, tena na kuwapaka mafuta. Ila msomee mstari wenyewe polepole, Yakobo 5:14: "Mtu wa kwenu amekuwa hawezi? Na awaite wazee wa kanisa." Na awaite. Anayeita ni mgonjwa. Mtu akikuita umwombee apone, mwombee kwa moyo wako wote, na usimpunguzie Mungu uwezo wake. Asipokuita, subiri.

Kwa hiyo mkuu wa kituo hajafunga mlango wowote. Amewarudisha kwenye Yakobo, ingawa labda hakuwa akifikiria Yakobo. Kumbuka pia kwamba ukumbi ule ni sebule ya watu wote wanaoishi pale. Wamo wa madhehebu mengine, wamo wa dini nyingine, wamo wasio na dini, nao hawana pa kwenda spika ikianza kunguruma. Ninyi mkimaliza mnaenda zenu. Wao ndiyo kwao hapo.

Na chumba cha mzee ni nyumba yake, hata kama ni kitanda, kabati na dirisha. Gonga. Ngoja. Akikawia kujibu, ngoja tena, maana anatafuta miwani au anatafuta sauti. Kuna mstari ninaoupenda kuwasomea vijana wanaoanza huduma hii, maneno aliyoambiwa Petro katika Yohana 21: "Wakati ulipokuwa kijana, ulikuwa ukijifunga mwenyewe na kwenda utakako, lakini utakapokuwa mzee, utainyosha mikono yako, na mwingine atakufunga na kukuchukua usikotaka." Wasomi wanasema inahusu jinsi Petro atakavyokufa, na Yohana mwenyewe anasema hivyo. Lakini nenda pale kituoni asubuhi uone: anavalishwa na mwingine, anaogeshwa na mwingine, anaamshwa saa ambayo hakuichagua, anakula walichoamua wengine. Kusema "leo sitaki maombi" ni moja ya "hapana" chache alizobakiziwa. Akiitumia kwako, usihuzunike, na wala usimwombee kwa siri ukiwa mlangoni kwa sauti anayoisikia. Hiyo nayo nimeiona ikifanywa.

Spika nayo niiseme, ingawa mkuu ameshaiondoa, kwa sababu mliibeba kwa nia njema. Masikio ya uzeeni hayafifii sawasawa. Sauti nyembamba ndizo hutangulia kupotea, zile za s, f na sh, kwa hiyo maneno yanabaki yakisikika lakini hayaeleweki. Ukiongeza sauti unaongeza kelele, na aliyevaa kifaa cha kusikia ndiye anayeumia zaidi. Vuta kiti, kaa mbele yake macho kwa macho, mwanga uangukie usoni kwako, shusha sauti iwe nzito kidogo, na usiharakishe. Televisheni ikiwa inaongea, omba ruhusa ya kuipunguza. Uliza sikio zuri ni lipi. Hapo umefanya kazi kuliko spika tatu.

Nije kwa yule bibi wa "nataka kwenda nyumbani". Mwenzenu hakukosea imani, alikosea saa. Mtu anayelilia nyumbani ukimjibu mbinguni, amesikia kwamba nyumbani haendi tena na kwamba anakufa. Angemwuliza tu: "Nyumbani kuna nani, bibi?" Mara nyingi jibu linakuja. Kuna mama jikoni, kuna ndugu mdogo wa kubebwa mgongoni, kuna mbuzi ambao hawajafungwa na giza linaingia. Ukishayasikia hayo una maombi tayari: "Bwana, watunze wa nyumbani kwa bibi." Usimsahihishe kwamba mama yake alikufa zamani, maana kila ukimwambia anafiwa upya. Wala usimdanganye kwamba utampeleka kesho.

Ugonjwa wa kusahau kwa kawaida hula mambo mapya kwanza na kuyaacha ya zamani mpaka mwisho. Jina la mjukuu linaondoka, jina la mwanawe linafuata, lakini alichokiimba akiwa na miaka saba kinaweza kubaki. Ndiyo maana mapambio yenu mapya hayamsaidii. Mletee nyimbo za kitabu, ubeti wa kwanza, polepole. Msomee maneno yale yale aliyokariri, ya Biblia ya Union Version iliyotoka 1952 ikiwa ndiyo aliyokulia, hata kama wewe unapenda tafsiri nyepesi. Anza "Baba yetu uliye mbinguni", kisha punguza mwendo umwachie nafasi.

Nikusimulie moja. Kulikuwa na mama aliyekuwa haongei. Siku nzima alikunja pindo la blanketi, akalikunjua, akalikunja. Nilikwenda kwake kwa wiki nyingi bila kujua kama ananiona. Siku moja nilikuwa na mafua. Nikaanza, "Bwana ndiye mchungaji wangu," kikohozi kikanikaba, nikainama kutafuta kitambaa. Nikasikia, "Sitapungukiwa na kitu." Sauti kavu, kama mlango ambao haujafunguliwa muda mrefu. Akaendelea mwenyewe, malisho, maji ya utulivu, bonde la uvuli wa mauti, mpaka mwisho wa zaburi, mkono ukiwa umesimama juu ya pindo. Kisha akanitazama na kuniuliza, "Na wewe unaumwa nini?" Nikamwambia ni mafua tu. Akaniwekea mkono kifuani na kuniombea. Maneno mengi sikuyaelewa. Alipomaliza alirudi kwenye blanketi lake, na hakunisemesha tena siku zote zilizobaki.

Hapo ndipo nilipoiacha ratiba yangu. Nilikuwa nakwenda kuwaombea watu ambao wameomba tangu kabla sijazaliwa. Luka anamtaja Anna, mjane wa miaka 84, asiyetoka hekaluni, akiabudu usiku na mchana. Hakuna aliyekwenda kumhudumia Anna, mwanangu. Yeye ndiye aliyekuwa zamu.

Kwa hiyo unaniuliza uombe vipi, nami nakwambia: waombe wakuombee. Nenda na shida ya kweli, si ya kutunga, maana wazee wananusa. Mwanao ana mtihani? Kazi inayumba? Mama mkwe hasemi na wewe? Waambie. Nunua daftari, mwulize kila anayetaka: leo tumwombee nani? Andika jina mbele ya macho yake. Wiki inayofuata anza na daftari: "Yule kijana wako mliyesema anatafuta kazi, vipi?" Mahubiri yapunguzeni yafike dakika kumi, na Jumamosi nyingine yaacheni kabisa. Anayeweza kusoma asome, hata kama anachukua dakika tano kwa mistari mitatu. Mpeni Zaburi 71: "Usinitupe wakati wa uzee, nguvu zangu zipungukapo usiniache." Isomeke kwa sauti ya mwenye haki ya kuisoma.

Wala msiogope zaburi za kulalamika. Mzee akisema Mungu amemsahau, hajakufuru, amenukuu Zaburi ya 13. Usimkimbizie "Mungu ni mwema". Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku saba bila kusema neno, na hizo ndizo siku walizofanya vizuri.

Mambo madogo mawili, kisha nikuache. Mkipeleka meza ya Bwana, mwulizeni muuguzi kwanza nani anameza vizuri, kwa sababu baada ya kiharusi mkate mkavu au hata kikombe kinaweza kuteremkia njia ya hewa. Chembe inatosha, na kwa mwingine kuigusisha mdomoni kunatosha. La pili: mtu akifa, mtajeni. Kwenye makao mengi kitanda kinatandikwa upya na kiti kinasogezwa, na hakuna anayesema kitu. Waliobaki wanaona, na wanajua zamu yao itapita hivyo hivyo. Jumamosi inayofuata lisemeni jina lake, mwache aliyekaa naye meza moja aseme neno, imbeni wimbo alioupenda.

Kiongozi wenu akitaka kwenda hospitalini, aende kwa amani, ila atakuta huko nako kuna sheria za kugonga mlango. Wewe na wawili watatu mtakaobaki mnatosha. Wanane walikuwa wengi mno kwa chumba kimoja.

Jumamosi nenda. Usianzie ukumbini, anzia kwa Mwalimu, peke yako, bila Biblia mkononi. Akikukaribisha, kaa upande wake wa kushoto, ule ulio mzima, mwombe radhi kwa maneno machache: "Nilisema Amina nikakukimbia. Nisamehe." Kisha mwulize anaomba nini. Maneno yake yanakuja moja moja, kwa hiyo funga mdomo wako, usimmalizie hata sentensi moja, hata ukidhani umeshajua inakoelekea. Anaweza kukwambia. Anaweza pia kusema hataki tena maombi yenu. Akisema hivyo, mwambie umesikia, mwulize kama unaweza kurudi wiki ijayo umletee hesabu ya mtihani ya mwanao iliyokushinda, na uondoke.